Vitabu vya kabati la nasari

Nurto uko? Soma hii hata kama unapika.

Leo wanabomoa ile nasari tuliyokuwa tunafundisha Majengo. Nilienda tu kuangalia. Ufunguo wa kabati la chuma ulipotea zamani, kwa hivyo fundi akavunja kufuli.

Vile vitabu viko ndani, Nurto. Vile vya bure tulivyoletewa 1982, watoto wapeleke nyumbani. Vyote. Vipya. Na lile gazeti nililovifunika nalo bado liko juu.

Wewe ulitaka tugawe siku hiyo hiyo. Mimi nikasema hawa watavirarua, wangoje kwanza wajue kushika kitabu. Wangoje. Ni mimi nilisema.

Sasa sikia. Huyo fundi ni Mbuthia. Yule wetu mdogo aliyekuwa akilia kila asubuhi mamake akiondoka. Sasa ana mvi. Shule aliacha darasa la pili.

Alipangusa mikono kwa suruali ndiyo ashike kimoja. Akafungua polepole, akaona picha ya mbuzi, akacheka peke yake.

Halafu akaniuliza, "Mwalimu, hapa mbele wameandika nini?"

Nurto, wameandika, "Hiki ni chako. Nenda nacho nyumbani."

Hiki ni chako. Na mtu ana miaka arobaini na nane.

Nikamwambia sioni vizuri, nimesahau miwani.

Nilikuwa nimeivaa. Akaiangalia, akasema, "Sawa, mwalimu," akakirudisha kitabu kabatini.