Mvua ya Raundi ya Sita

Durban, Jumapili jioni, mwisho wa Machi

Leo jua limewaka tangu asubuhi, hakuna hata kiwingu cha kusingizia. Nimefua mashuka, yamekauka kabla sijamaliza chai. Nimesimama dirishani hapa Point nikalitukana hilo jua kwa sauti, mpaka jirani akagonga ukuta akidhani namtukana yeye.

Nina hasira. Nilijua nitaamka nayo, lakini nilidhani ni ile ya jana tu. Mchana imeongezeka nyingine, na hiyo ndiyo iliyonikalisha hapa kuandika.

Jana tumeuaga uwanja wetu. Msimu umekwisha na uwanja umekwisha, siku moja.

Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza: mimi ni mwanamke wa Tanga, nasuka nywele saluni moja Overport, na kila Jumamosi ya msimu, nikishamaliza wateja wa asubuhi, naenda kuangalia besiboli. Ndiyo, besiboli. Ndugu zangu wakinipigia simu nikiwaambia niko uwanjani, wanauliza nani kafunga bao, nami nimeacha kuwasahihisha. Aliyenipeleka ni Mama Gracia, Mkongo wa Bukavu ninayesuka naye kiti kwa kiti. Mwanawe Trésor, mdogo wake Gracia, alianza kucheza akiwa shuleni na hakuacha tena. Mwaka wa kwanza nilikwenda kumsindikiza rafiki. Mwaka wa pili nilikuwa nafika kabla yake.

Mchezo wenyewe hauna maajabu. Mpigaji anasimama mahali panapoitwa nyumbani, anaugonga mpira kwa gongo, anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, na akijaliwa anarudi nyumbani pale pale alipoanzia. Akigusa, timu inapata pointi. Wengi hawarudi. Wanakwama njiani, raundi inaisha, wanajipangusa vumbi na kuondoka. Mimi na Mama Gracia hatukuhitaji kufundishwa hilo mara mbili.

Uwanja wetu ulikuwa mdogo, chini ya kilima cha Morningside, una ngazi za zege badala ya viti. Sisi tulikaa upande wa kituo cha tatu kwa sababu ndiko kivuli kilikuwa kinaanzia. Mama Gracia alileta mikate, yale maandazi yao ya duara, mimi chai ya tangawizi. Wenyeji walituita akina mama wa mikate na walijua kutuomba. Ila msimu mmoja kamati ilimtuma mtu atuambie tupunguze vigelegele, eti vinamvuruga mrushaji. Mrushaji wa wapinzani ndiyo, nikamjibu, na ndiyo kazi yake kigelegele.

Nyuma ya nyumbani pana ukuta wa mbao za kijani. Niseme palikuwa na ukuta. Desturi ya klabu ni hii: mchezaji wetu anayepata pointi kwenye mechi ya mwisho ya msimu anaandika jina lake kwa rangi nyeupe kwenye zile mbao. Mechi nyingine zote hazihusiki, hata ukirudi nyumbani kila wiki. Pale utakuta babu, baba na mjukuu, ukoo ule ule, mwandiko tofauti. Majina ya watu wetu, waliokuja na mabegi, hata moja.

Trésor ameipa timu pointi nyingi sana. Lakini kila mechi ya mwisho huzuka jambo. Mwaka mmoja alikuwa Home Affairs, ofisi ya uhamiaji, anapanga foleni ya karatasi zake tangu alfajiri, akafika mechi imekwisha. Mwaka mwingine alipiga vizuri, akakwama kituo cha pili. Mama yake haongei sana, ila nimemwona mara ngapi, mechi ikiisha, akiusogelea ule ukuta na kusoma majina ya watoto wa wenzake.

Mwaka huu ndiyo ilikuwa mara ya mwisho. Kiwanja kimeuzwa, yatajengwa maghorofa ya watu wenye magari mawili. Klabu inahamia mbali huko juu, taxi mbili na mguu. Kamati ikatangaza kwamba mbao zitang'olewa, zipelekwe kwenye jengo jipya na kuwekewa kioo mbele. Hakuna atakayeandika tena. Kwa hiyo aliyemo yumo, asiyemo basi.

Na wiki mbili kabla ya mechi hiyo Trésor akateguka kifundo cha mguu.

Kocha alisema atakaa benchi. Apumzike wiki tatu, ndipo acheze. Wiki tatu! Mechi iko baada ya mbili. Mama Gracia aliniambia hayo saluni huku anamsuka mteja, na mkono wake ukakaza mpaka mteja akapiga kelele.

Sasa nifike kwenye ujinga wetu. Miaka kadhaa iliyopita kulikuwa na mechi iliyoanza tu, raundi ya pili, mvua ikamwagika. Mwamuzi akaifuta, ikarudiwa Jumamosi iliyofuata tangu mwanzo. Sisi mashabiki wazoefu, tunaojua kumbishia mwamuzi kwa Kiswahili, Kifaransa na Kizulu cha sokoni, tukaweka akilini: mvua ikinyesha, mechi inarudiwa. Hatukumuuliza mtu. Kwa nini tuulize, tulikuwepo tukaona kwa macho yetu.

Basi tukaomba mvua.

Mama Gracia alilipeleka ombi kanisani kwao Jumatano, kikundi cha akina mama wakalipokea. Mimi niliomba kwa njia yangu, kila baada ya sala, wiki nzima. Wiki moja tu tulitaka. Wiki moja ya kifundo cha mguu. Tulikubaliana tusimwambie Trésor, angetucheka. Nilikwenda mbali zaidi: nikamwomba bosi ruhusa ya Jumamosi ijayo mapema, siku nzima, kwa ajili ya mechi ya marudio. Imani yangu ilikuwa imefika huko.

Jana tukaamka na anga jeupe kabisa. Tumefika uwanjani, pamejaa watu ambao sijawahi kuwaona maishani mwangu. Wamekuja kuaga. Wanapiga picha ngazi zetu, wamekalia pale petu, mmoja analia na ndiyo mara yake ya kwanza kuja msimu huu. Kamati ilikuwa imekodi hema na spika, na braai, nyama ya kuchoma, inafuka moshi tangu mapema. Nilimwomba bibi mmoja asogee kidogo, akaniuliza kama nami nina mwanachama ninayemfahamu.

Nikajibana pembeni yake nikamimina chai. Niliogopa kitakachonitoka nikifungua mdomo.

Mechi ikaenda raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mawingu hakuna. Trésor yuko benchi, kifundo kimefungwa bandeji, anatafuna kucha. Raundi ya tano ilipoisha wapinzani walikuwa na tatu, sisi mbili. Tulikwisha kata tamaa ya mvua, na nilikuwa namlaumu Mungu taratibu, kwa adabu, ndani kwa ndani.

Raundi ya sita, zamu yetu, mpigaji mmoja akatolewa, na kocha akamnyanyua Trésor.

Sijui kama alimwonea huruma au alimhitaji. Alikwenda anachechemea, akasimama nyumbani, akaupiga ule mpira chini chini ukapita katikati ya watu wawili. Kituo cha kwanza. Kituo cha pili, anaruka kwa mguu mmoja. Mama Gracia alikuwa amenishika mkono, amenikwaruza, alama ninazo. Mwenzake akapiga, akatolewa, lakini Trésor akafika cha tatu. Kituo cha tatu! Mbele yetu kabisa, hata jasho la shingo namwona. Na anayeshika gongo ni mpigaji wetu bora. Nyumbani ni pale, mtoto anayejua kutambaa angefika. Nilipiga kigelegele ambacho kamati haitakisahau.

Nikasikia tone kwenye mkono.

Mama Gracia naye alilisikia. Akaangalia juu, na wingu lilikuwa limetokea nyuma yetu, upande wa Berea, kubwa na jeusi, huku tumekaza macho mbele. Akaanza kunong'ona haraka haraka.

"Bwana, sasa hapana. Bwana, tafazali, sasa hapana."

Ikamwagika. Mnaijua mvua ya Durban ikiamua. Mwamuzi akanyoosha mikono, wachezaji wakakimbilia bandani. Trésor hakukimbia. Alibaki amesimama juu ya kituo cha tatu, mguu mmoja umegusa, kana kwamba akiuondoa hawatamrudishia kituo chake. Kocha alikwenda kumtoa.

Tulisubiri. Mvua ikapungua, haikuisha. Nilimwona mzee wa kamati akimfuata mwamuzi, akimwonyesha hema, nyama, watu waliolowa. Mwamuzi akauangalia uwanja, akatikisa kichwa. Mechi imekwisha, tumefungwa tatu kwa mbili. Mimi nikamwambia Mama Gracia asilie, si inarudiwa? Si ndivyo tulivyoomba? Tukakumbatiana pale kwenye mvua tukicheka, wajinga wawili.

Trésor, anayeniita Tantine, yaani shangazi, alikuja amelowa chapachapa. Nikamwuliza, marudio ni Jumamosi hii hii ijayo?

"Marudio ya nini, Tantine? Raundi tano zilishapita. Zikipita tano, mvua ikinyesha, matokeo ndiyo hayo."

Mama yake alikuwa ameshika bakuli la mikate. Aliliweka chini polepole.

Sherehe ikafanyika hemani. Wazungumzaji wakashukuru familia zilizoujenga uwanja, wakazitaja moja moja, na kila moja ilipigiwa makofi. Kisha wakatoka na miavuli kwenda kwenye ukuta. Waliopata zile pointi mbili waliandika majina yao. Mmoja wao, babu yake yumo na baba yake yumo. Rangi ilikuwa inachuruzika kwa maji, ikabidi mtu ashike mwavuli na mwingine ashike kopo. Kopo alishika Trésor. Alijitolea mwenyewe, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Nilitamani alimwage.

Nilimfuata yule mzee wa kamati. Nikamwambia kijana huyu alikuwa hatua chache, mumpe nafasi, kuna ubao mzima mtupu pale chini. Akaniangalia kwa upole ule wa kumfukuza mtu.

"Eish, mama. Rules are rules."

Hayo ya jana. Ningeyamaliza kwa kuwalaumu wao, na bado nawalaumu, mzee na hema lake na nyama yake. Mwamuzi angeweza kusubiri kidogo tena. Naandika hili bila kulionea aibu.

Ila leo mchana Mama Gracia amenipigia simu kutoka kanisani, yuko nje kwenye ngazi, anaongea kama mtu aliyefiwa. Ibada ilipofika wakati wa ushuhuda, mchungaji akakumbuka. Jumatano kikundi kiliomba mvua ya Jumamosi, na Jumamosi kulikuwa na jua mpaka mvua ikashuka ghafla. Ishara gani nyingine mnataka? Akamwita mbele mwenye ombi.

Angefanyaje? Wamama wote wanamwangalia, wanatabasamu. Akasimama, akashika maikrofoni, akasema, "Bandugu, tuliomba mvua, mimi na dada yangu wa salon. Mungu iko anajibu. Alitupatia mvua." Kanisa zima likapiga makofi na Amina, na mpiga gitaa akapaswa kuanzisha wimbo wa shukrani.

Mpiga gitaa ni Trésor.

Mama Gracia anasema wimbo ulichelewa kuanza. Watu wakageuka kuangalia. Kisha akapiga, akapiga mpaka mwisho bila kukosea hata sehemu moja, akalifunga gitaa kwenye mfuko wake na kutokea mlango wa nyuma.

Nilikuwa bado namsikiliza mama yake ilipoingia simu ya mwana. Nikaipokea hiyo. Hakunisalimia, na Trésor hajawahi kukosa kunisalimia.

"Tantine, na wewe pia uliomba?"

Nikasema ndiyo. Nikaanza kumweleza kifundo cha mguu, wiki tatu, ile mechi ya zamani iliyorudiwa, nikajisikia nababaika. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mngeniuliza tu," akasema. "Nilikuwa nakaa benchi, mita chache. Mngeniuliza."

Kisha akasema sharp, Tantine, ile kwaheri ya vijana wa hapa, akakata.

Nimeshinda na neno lake hilo. Miaka yote nimejisifu naujua mchezo huu, nimembishia kila mwamuzi, nimewafundisha wateja wangu saluni raundi na vituo huku nawasuka. Na kijana tuliyekuwa tunamwombea alikuwa anajua jibu, amekaa mbele yetu. Hata leo sidai kwamba mvua ile ni yetu. Ingekuja tu, Machi ya Durban hainyeshi kwa idhini ya wasusi wawili. Najiambia hivyo. Halafu nakumbuka nilivyokuwa nikiiomba, kwa jina la siku, na nikiongeza tafadhali.

Kesho asubuhi nitakaa kiti changu na Mama Gracia atakaa chake, na kati yetu kutakuwa na kichwa cha mteja. Sijui nani ataanza kuongea.

Bosi amenitumia ujumbe sasa hivi kunikumbusha kwamba ruhusa yangu ya Jumamosi imekubaliwa, siku nzima. Nimefungua simu nikaangalia hali ya hewa ya wiki. Jumamosi ni jua tupu, asubuhi mpaka jioni.