Dawa ya Makoti Kisimani

Jumatatu, 4 Machi
Leo kiwandani tumepulizia dawa makoti ya kijani, yale ya wapanda milima. Msimamizi akajaribu moja kwa mpira wa maji. Maji yakateleza kama shanga, halafu koti kavu kabisa. Miaka yote hii, bado napenda kuangalia.
Nyumbani, wifi amepika. Mimba imekuwa kubwa. Mume wangu, kaka yake, anamkataza kubeba ndoo, hasikii.

Jumatano, 6 Machi
Mpima maji, yule aliyechukua sampuli ya kisima chetu, amerudi mtaani. Nikamuuliza kuna nini. Amesema dawa ya makoti imo kwenye kisima chetu — inatoka kwenye mtaro wa kiwanda, na kwenye makoti yenyewe yakifuliwa. Haina harufu. Haina ladha. Haiozi.
Nikamwambia sisi tunachemsha. Akasema hata tuchemshe mpaka sufuria ikaribie kukauka, yenyewe inabaki.
Sielewi. Dawa ya kukataa maji imeingiaje kwenye maji?
Na yeye mwenyewe kavaa koti letu. Mvua inanyesha, ningemwambia alivue?

Alhamisi, 7 Machi
Nimemuuliza msimamizi. Amesema dawa ya zamani ndiyo ilikuwa na matatizo, ya sasa ni salama. Nikasema hata ile mlituambia salama. Akatazama simu yake. Halafu kwa upole: dada, wewe chapa kazi.
Nimechapa kazi.

Ijumaa, 8 Machi
Mume wangu anasema wifi asiambiwe, atapata presha bure. Labda kweli. Labda si kweli. Kichwa kinauma.

Jumapili, 10 Machi
Jirani kamwambia.
Asubuhi wifi ameingia jikoni, akachota maji, akaweka kikombe mbele yangu.
"Wifi, wewe ndiye unayefanya kazi kule. Ninywe au nisinywe?"
Mume wangu akadakia, tutanunua ya dukani.
"Sawa, kaka. Na niliyokwisha kunywa?"
Wifi hakupandisha sauti hata kidogo, afadhali angegomba. Nikasema ukweli: sijui. Msimamizi anasema hili, mpima maji lile, mimi najua kupulizia tu.
"Basi kunywa wewe."
Nikanyoosha mkono. Nikaurudisha. Akauona ukirudi.
Sasa yuko chumbani, nasikia anafunga begi. Mume wangu amesimama katikati ya mlango, ananitazama mimi, anatazama chumbani. Kikombe kipo hapa mezani, kimejaa. Maji yenyewe meupe, yanang'aa — ukiyaangalia huwezi kujua kama yana kitu.