Sare Mbili za Mtoto Mmoja

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nimejipalia makaa mwenyewe, mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka mitatu nimepita mlango kwa mlango na shoga yangu muoka mikate wa ng'ambo ya barabara kuu, ambayo watu wa kwetu hawaivuki na wa kwao hawaivuki, tukiwasihi wazazi watoto wa pande zote mbili wasome shule moja, tumefungiwa milango, tumetukanwa, tumecheka mpaka machozi, na sasa shule inafunguliwa Jumatatu na sare zote nimeshona mimi. Lakini mama mkwe aliniuliza, "Mwanangu, wakianza tena kurushiana mawe, nani atamkimbilia mjukuu wangu huko?" nikaenda kimyakimya nikamwandikisha binti yangu pia katika shule ya zamani ya upande wetu, nikamshonea na sare yake. Juzi kaiona kabatini, nikamwambia ni ya mteja. Akaigeuza, akasema, "Mama, mbona umeiachia pindo la kukulia kama zangu?" Mtoto wa fundi hadanganyiki kwa nguo. Tangu hapo hanisemeshi, na shoga yangu hajui kitu, naye nampenda kama ndugu wa tumbo moja. Nifanyeje?

Fundi Mwenye Aibu

Fundi, pole, ila aibu hiyo ni halali yako. Mkuki kwa nguruwe, kumbe! Wanawake wa mitaa miwili umewatoa woga, wako ukauficha kabatini. Sikuiti mnafiki, kwa sababu anayempenda mwanawe huogopa. Mama mkwe wako kauliza la maana, nawe ukamjibu kwa kujificha.

Basi mpe jibu. Atakayemkimbilia mjukuu ni yeye. Jumatatu mfuate asubuhi, mbebee kiti, akae langoni mwa shule hiyo mpya mpaka kengele ya kutoka, na karibu yake kaa wewe. Binti yako mwombe radhi leo, kwa sauti, na usitie "lakini" hata moja. Kakushika kwa ufundi wako mwenyewe, mtoto huyo ana akili, mshukuru Mungu.

Halafu nenda kwa shoga yako umweleze kabla mtaa haujamweleza. Atanuna. Mwache anune, kisha muulize mwanawe naye kaandikishwa shule ngapi. Usiniulize nimejuaje, barua zinazoletwa hapa nazisoma zote. Mkimaliza kulia, vukeni barabara pamoja, mkafute jina moja katika shule ya zamani ya kila upande.