Chumvi ya Samaki wa Daktari

Nachingwea, Jumapili, Juni 2008. Baridi ya asubuhi imegoma kuondoka, na roho yangu nayo haijatulia.

Umepotea wewe. Tangu tuvune ufuta hujapita hapa bloguni kwangu, na ukipita unasoma na kuondoka kimya kimya kama mwizi wa mihogo. Ulidhani nimekufa? Sijafa. Kaa. Mimi shule sikwenda, kwa hiyo nasema na mjukuu wangu Zuhura anachapa. Leo nimemkataza kupunguza hata neno moja, maana habari inamhusu yeye.

Zuhura anafanya kazi nyumbani kwa daktari mmoja hapa mjini. Daktari ni mtu wa pwani, akaona haishi bila bahari, akaileta sebuleni. Sanduku kubwa la kioo, maji ya chumvi, samaki wawili wa rangi ya chungwa, na matumbawe yaliyo hai kabisa, yanafunguka na kujikunja kama ua la boga. Kila Jumamosi Zuhura anatoa madumu mawili ya maji ya zamani na kutia mawili mapya. Tangu alipoachika, kazi hii ndiyo inayomlisha yeye na mwanawe.

Jumatano akanipigia simu kijijini kwangu Matambarale, analia. Daktari amepima maji kwa kile kioo chake kinachoelea, kimezama kupita mstari. Maji mepesi. Ni mara ya tatu sasa, na tumbawe moja limegeuka jeupe kama mfupa. Daktari anasema kuna mtu anaiba chumvi yake. Jumamosi hii maji mapya nayo yakiwa mepesi, Zuhura afunge mizigo.

Nikachukua kanga zangu mbili nikapanda gari. Mjukuu wangu si mwizi. Lakini mwizi yupo, nikasema, na nikimwona nitamjua.

Sikukawia kumwona. Mama Chiku, mpishi wa daktari. Mmakonde, mtani wangu, mwanamke anayecheka kabla hujamaliza salamu. Mtu anayecheka hivyo ana jambo. Jioni anatoka na kikapu kimefunikwa kitambaa, na mimi nikajiuliza kitambaa cha nini kama ndani mna sufuria tu.

Alhamisi nikamwambia Zuhura anionyeshe kazi yenyewe, maana huwezi kumkamata mwizi wa kitu usichokijua. Akanionyesha. Maji ni ya mvua, yale yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua za mwanzo. Maji yanatangulia kwenye pipa, chumvi inafuata kidogo kidogo huku inakorogwa. Ukianza na chumvi, maji yanakuwa meupe kama chokaa na hayafai tena. Kuna kamota kadogo kanazungusha humo hadi kesho yake, ndipo anapima. Chumvi ya dukani hapana, ya daktari inatoka Dar kwa gunia. Na katikati ya wiki maji yakipungua, anaongeza maji matupu, kwa sababu maji huruka na chumvi hubaki.

Hilo la mwisho nalijua tangu usichana. Chumvi ilipoadimika tulichoma majani, tukachuja majivu kwenye chungu kilichotobolewa, tukachemsha hadi maji yaruke. Kipimo chetu kilikuwa ulimi. Nikatumbukiza kidole kwenye sanduku la daktari, nikalamba.

Mepesi. Kama machozi ya mtu anayejifanya kulia.

Kisha nikalinyanyua gunia la chumvi, mgongo ukalia. Zito. Gunia lililofunguliwa siku nyingi hivyo halikutakiwa kuwa zito vile. Mtu mwenye akili angesema, basi hakuna aliyeiba. Mimi nikasema Mama Chiku anaiba na kujazia mchanga. Nikazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Chumvi tupu, hadi chini.

Sikumwachia. Ijumaa mchana, siku yake ya kupumzika, nikaenda kwake kumsalimia. Nakiri, sikwenda kusalimia. Chumvi ya daktari ina uchungu unaobaki nyuma ya ulimi, nikasema hata akiificha kwenye kisamvu nitaikuta.

Akanikaribisha vizuri mno, nami nikazidi kumshuku. Nikanawa, nikamega, nikachovya.

Hakina chumvi. Si kidogo. Hakina kabisa.

Mama Chiku akaona uso wangu, akaona haya. “Nisamehe, mtani. Niko mwezini, na binti yangu anayenitilia chumvi amekwenda Ruponda kwa shangazi yake.”

Wewe uliyekulia mbali nikueleze. Huku kwetu mwanamke akiwa katika siku zake hatii chumvi chunguni. Anayemtilia ni mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo, au bibi aliyekwisha kukauka kama mimi. Akitia mwenyewe, watakaokula watashikwa na kifua, watakohoa hadi wafe. Tunafundishwa unyagoni, na hakuna anayesahau.

Nikaliweka tonge chini. Maana Zuhura alipochezwa unyago, aliyemfundisha habari ya chumvi ni nani? Ni mimi. Nilimfinya na sikio ili likae.

Nikarudi kwa daktari mbio za kizee. Nikamkuta Zuhura kwenye pipa, kamota kanazunguka, mdomo wa gunia umefungwa kamba.

“Leo uko mwezini?”

Akainamisha kichwa.

“Na chumvi ya pipa hili anatia nani?”

“Hakuna, bibi. Wewe ndiye uliyenikataza.”

Miezi mitatu mfululizo Jumamosi moja ilimkuta katika siku zake, na kila mwezi maji yakazidi kuwa mepesi. Alijiambia wiki moja ya maji matupu haitadhuru, mbona katikati ya wiki anaongeza matupu? Alimwogopea daktari, kwa kuwa anaingiza mikono humo. Na kumweleza mwanaume jambo la mwezini hakuweza.

Akaona afadhali aitwe mwizi.

Sikumgombeza. Nilifungua gunia nikatia chumvi mwenyewe, kikombe baada ya kikombe, yeye anahesabu. Jana daktari akapima maji ya pipa, kioo kikasimama kwenye mstari. Akatabasamu, akamwambia Zuhura kazi anayo, ila awe mwangalifu. Ningeweza kunyamaza hapo. Lakini mwezi ujao mimi niko Matambarale na pipa liko Nachingwea, na nani atatia? Kwa hiyo nikamwambia daktari kila kitu, jina la kila kitu, bila kuzunguka.

Mtu anayezalisha wanawake kila siku, akageuka kuwatazama samaki.

Baadaye akauliza, taratibu, wala si kwa dharau: “Bibi, umemwona kwa macho yako mtu aliyekufa kwa hilo?”

Nikafungua mdomo nimtajie. Nikamtafuta mtu huyo. Mama yangu alisema yupo, mama yake naye alimwambia. Nilimtafuta kuanzia Matambarale hadi Narung'ombe, kaburi kwa kaburi, wote waliokohoa nikawapitia. Kila mmoja kifo chake kilikuwa na sababu nyingine.

Jana usingizi haukuja vizuri. Mimi niliyemshuku mpishi wa watu hadi ndani ya chungu chake, sikuwahi hata siku moja kulishuku neno hili. Na Mama Chiku sijamwomba radhi. Nitamwomba, ingawa najua atacheka.

Leo mchana Zuhura alipika mlenda. Akaleta chungu na kikopo cha chumvi, akaviweka mbele yangu, akasubiri nitie. Nikakiangalia kile kikopo, nikapiga hesabu. Mwanawe yuko kwa jirani, hatakula hapa. Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha duniani.

Nikamwambia, “Tia wewe.”

Akatia. Tena alitia nyingi. Akataka kuonja, nikampiga kofi mkononi, nikala peke yangu, chungu kizima, hadi nikakikomba.

Tumekubaliana. Nikifika mwezi ujao kifua changu ni kizima, pipa la daktari atalitia chumvi mwenyewe, siku yoyote itakayomkuta. Nikishikwa, atakwenda kumwambia daktari kwamba hawezi, na kazi imekwisha. Sasa hivi yeye anachapa na mimi nasikiliza kifua changu. Baridi hii nayo inawasha koo, sijui inataka kunidanganya.

Ukija tena, usianze na shikamoo. Nyamaza kwanza mlangoni, usikilize kama nakohoa.