Mama, Nimekuona Ukutani

Mbeya, Februari 1956

Mpendwa mama,

Nimekuona. Miaka kumi na minane tangu tukuzike, nimekuona.

Niliitwa kushona mapazia kwa Mzungu mmoja huku Mbeya. Nilipanda kiti nipime dirisha, nikageuka, nikakukuta ukutani. Umechorwa kwa rangi za mafuta, umekaa mlangoni kwetu Kihesa, kule Iringa, unapukuchua mahindi kwenye ungo. Nikashuka, nikakaa sakafuni.

Hatukuwa na picha yako hata moja. Nilidhani sura yako nimeisahau, lakini lile kovu juu ya nyusi nililijua mara moja. Nikamkumbuka yule bibi wa Kizungu aliyekuja siku tatu kukuchora na kiti chake cha kukunja, wiki chache kabla hujafa. Ulininong'oneza, "Vero, usimkodolee, atakuchora macho kama bundi." Nikajificha nyuma yako. Kwenye picha nimetokea mguu tu.

Nilipotazama vizuri nikashtuka upya. Ungo haukukaa mapajani, tumbo lilikuwa limeusukuma mbele. Mama, ulikuwa mjamzito! Mimi miaka yote hii naambiwa ulikufa kwa homa.

"Unaumwa?" mwenye nyumba akaniuliza.

"Huyu ni mama yangu."

Akaja kuitazama naye. Picha ile aliikuta humo alipohamia. Alidhani ni mwanamke yeyote tu.

Jumamosi nikapanda basi la Iringa. Lilikwama matopeni mara mbili. Baba nilimkuta shambani anapalilia, nikamuuliza juu ya mimba yako hata kabla ya kumsalimia vizuri.

"Nani kakwambia?"

"Nimemwona mwenyewe, baba."

Akakaa kwenye tuta. "Alikuwa wa kiume. Alilia mara moja tu. Tuliwazika pamoja. Wewe kila siku ulikuwa unaomba mdogo wa kubeba. Ningekwambiaje?"

Ni kweli, mama, nilikuwa nakusumbua. Nawe ulicheka ukasema, "Subiri tuvune." Kumbe mahindi uliyokuwa unapukuchua ndiyo mavuno yenyewe.

Nilitaka kumkasirikia baba, nikashindwa. Alikuwa analia, naye sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo. Nikamuuliza jina la mtoto. Hakupewa, akasema, hapakuwa na muda. Basi tukampa palepale shambani: Lukasi, jina la babu.

Mwambie jina lake, mama. Pumzikeni wote wawili.

Mwanao wa kwanza,
Veronika