Viti vya Anésie

Clarisse uko kazini? Soma hata chooni.

Mama yake Anésie amefariki kule kambini Kigoma. Wamempigia simu asubuhi. Na yeye hapa ughaibuni Fairfield hata mwezi hajamaliza, hajui mtu.

Sasa sikia alichofanya. Ametoa viti sita na kochi, akavipanga mbele ya nyumba kama kwetu, wapita njia waone kuna msiba, waingie wakae naye. Akangoja.

Na wiki hii ndiyo ile ya council, manispaa yao, kuzoa vitu vikuukuu vilivyotupwa nje!! Mtaa mzima umetoa magodoro na TV mbovu, kila mwenye gari anaokota anachotaka.

Mzungu mmoja akasimamisha pickup, akaonyesha viti kwa kidole. Anésie akaitikia kwa kichwa, akidhani anaomba kukaa. Jamaa akapakia viwili. Akaja mama wa Kivietnam na mwanawe, wakabeba kochi. KOCHI, Clarisse. Wakainama kushukuru, yeye akaona wanampa pole. Vinne vilivyobaki vikaondoka kimoja kimoja.

Nimemkuta ameketi kwenye nyasi. Nikamfokea, mbona hukuwazuia?

Akasema, "Kwetu viti vya msiba havizuiliwi, vinahama nyumba hadi nyumba. Nilifikiri na kwao kuna kilio."

Halafu akaniuliza polepole: "Dada, leo mtaa mzima umefiwa?"

Nimekaa naye hapo chini.

Ukitoka kazini njoo moja kwa moja. Beba kiti.