Goti Lililorudi Uwanjani Mwezi Tisa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa kusema kweli mimi ndiye huombwa, kwani kutoka River Road ninakouza drili hadi Kangemi ninakolala hakuna ukuta wa maana ambao sikuutoboa, na hata mtaa wa Satellite walipoanzisha timu ya soka ya wazee nilipigiwa simu mimi kwanza, nikawa mshambulizi, kocha na mfungua mechi kwa maombi. Mwaka jana goti likafyatuka, nikapasuliwa mwezi wa tano, wakanitilia kano mpya, muuguzi akasema nisicheze hadi mwezi tisa, nami mtu wa kutii nikarudi uwanjani mwezi tisa, ndipo beki mmoja, jitu la kuziba mlango, akanigonga, na waliokuwa barabarani Waiyaki Way waliposikia kano ikikatika walidhani ni tairi. Sasa mke wangu Veronicah anataka tumshtaki yule daktari wa kwanza kwa kufunga vibaya, na hata daktari mpya, Gichuru, nimemwambia hivyo.

Huyu Gichuru alinionyesha picha ya goti langu. Ndani ya mfupa kuna mashimo mawili ya ile kano ya kwanza, yamepanuka, ati watachota mfupa nyongani kwangu wayajaze, tungoje ushikane, halafu wanifungue tena na kupitisha kano itakayotolewa mguu wangu mwingine ulio mzima. Mshauri, nimetoboa kuta maisha yangu yote, sijaona ukuta ukijiziba. Na kamba nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho ndiyo hunishikilia nikigeuka, mimi na kilo zangu zote. Anasema hii ikikatika, hata ngazi zitanishinda. Nikubali kupasuliwa mara mbili?

Jackton Ochola, Kangemi

Jackton, kaka yangu, pole. Kuogopa kisu si aibu.

Lakini rudia barua yako. Ulipasuliwa Mei. Muuguzi akasema mwezi tisa, wewe ukasikia Septemba. Alimaanisha miezi tisa, mtu mzima wewe, kama ya mimba, nawe ukazaa mwezi wa nne. Hapa Nairobi tumezoea kuchezea ngeli, na ngeli imekuvunja mguu. Unamshtaki daktari kwa lipi?

Tena, mkeo umemtaja, Gichuru umemtaja, ila beki aliyekuvunja hana jina. Sikuulizi mimi. Nenda ukamweleze Gichuru lini na vipi ulianguka, kabla hajapanga chochote, kwa sababu kano iliyofungwa vibaya na kano iliyoharakishwa hazirekebishwi kwa mpango mmoja. Akishajua ukweli na bado aseme mara mbili, kubali mara mbili. Nenda na Veronicah, asikie kwa masikio yake. Na siku ya kurudi kucheza, mwambie Gichuru akutajie mwezi na mwaka.

Shangazi Lornah

Shangazi, tumeenda. Gichuru ameangalia picha upya, akasema yule wa kwanza alitoboa palepale panapostahili, haraka ilikuwa yangu. Ni mara mbili bado, nimekubali, na Veronicah ameacha habari za korti. Beki hakuwepo. Ilikuwa kwa dada yangu Satellite, mpwa wangu Debra na wenzake wanaruka blada, ile raba ya kunyooshwa miguuni, nikawaambia mjomba wao alikuwa bingwa. Ya vifundoni niliruka. Nilianguka walipoipandisha magotini.